Hanang kwa Siku Moja: Hesabu Ianzie Machweo

Basi linalotoka Babati kwenda Singida huanza kukuonyesha Mlima Hanang mapema, kabla hujafikiria kukusanya mizigo yako. Mlima umesimama peke yake. Hauna safu ya vilima inayousindikiza. Ni tambarare ya mahindi, alizeti na mifugo, halafu volkano iliyozimika inainuka hadi zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Milima ya Tanzania inayouzidi kimo ni ya kuhesabu kwa vidole: Kilimanjaro, Meru, Loolmalasin. Kwenye tambarare iliyo chini yake yamelala maji ya chumvi ya Balangida, na miguuni pake, upande wa kusini, upo mji wa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara. Ni nchi ya Wabarabaig na Wairaqw, wafugaji na wakulima ambao mlima huu kwao ni chanzo cha mvua na maji kabla haujawa kivutio cha mgeni. Unapandwa kwa miguu tu, bila kamba na bila vifaa vya barafu. Hauna vibanda vya kulala kama vile vya Mandara, Horombo na Kibo kule Kilimanjaro, na wengi wanaoujia huupanda na kuushuka siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo nauhesabu kuwa mlima mgumu kuupangia kuliko sura yake inavyodokeza. Kilimanjaro mgeni hukuta ratiba imeshapangwa na wengine, siku tano, sita au saba, kila usiku na kambi yake. Hanang inakupa siku moja, na hesabu yote inabaki mikononi mwako.

Ninachoshikilia ni kwamba siku hiyo moja ipangwe kuanzia mwisho wake. Wengi hupanga kuanzia asubuhi: tutaondoka saa ngapi, tutafika kileleni saa ngapi. Habari ya kushuka huachwa ijipange yenyewe, kwa kudhani kwamba aliyeweza kupanda hatashindwa kurudi. Mimi naanza na machweo, kisha narudi nyuma saa baada ya saa mpaka nifike kwenye saa ya kuamka. Msafiri mwenye akili hutenga kwanza nauli ya kurudi ndipo ajue amebaki na kiasi gani cha kutumia safarini, na mwanga wa jua mlimani ni nauli ya namna hiyo. Hauongezeki kwa sababu umechelewa, wala haukopwi. Hanang iko kama nyuzi nne na nusu kusini mwa Ikweta, na mahali kama hapo urefu wa mchana haubadiliki kwa zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima. Jua la Katesh huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, iwe Juni au Desemba, na likishazama giza halikawii: baada ya dakika 20 hivi huoni tena mzizi ulio mbele ya mguu wako. Ndani ya msitu, chini ya majani mazito, giza hutangulia hata kabla ya hapo.

Jambo la mwanga nalisisitiza kwa sababu kanuni nyingi za kupangia safari za milimani tumezirithi kutoka mahali ambako jua lina tabia nyingine. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila maili tatu za njia, na saa moja ya ziada kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita tano kwa saa, na saa nyingine kwa kila mita 600 za mwinuko. Ni kanuni nzuri, nami sina ugomvi nayo. Lakini ilizaliwa kwenye nyanda za juu za Uskoti, ambako mwezi Juni mtu ana karibu saa 18 za mwanga, na akikosea kwa saa tatu bado atateremka akiona njia. Majira ya baridi, mchana wa huko unapopungua kuwa chini ya saa saba, wapandaji wa huko huwa wakali sana wa saa, wala hakuna anayewaona waoga. Sisi tuko katikati ya hali hizo mbili: mchana wetu unatosha Hanang, ila hauachi ziada ya kuchezea.

Hebu tuipime kanuni yenyewe. Tuseme njia ya kutoka upande wa kijiji cha Jorodom hadi kileleni ni kilomita nane, na mwinuko wa kupanda ni mita 1,500. Naismith angekwambia utumie saa nne na dakika chache. Waongozaji wa Katesh hawatakwambia hivyo. Watakwambia sita, na kwa mtu asiyezoea milima saba, na waongozaji ndio wenye haki. Sababu haziko mbali. Naismith alihesabia mtu mzima mwenye afya njema anayekwenda bila kusimama, kwenye milima ambayo mingi haifiki hata mita 1,300. Hanang unaanza kupandwa juu ya kimo hicho. Kileleni msukumo wa hewa ni kama theluthi mbili tu ya ule wa pwani, na pafu linalovuta theluthi mbili ya kile lilichozoea haliwezi kukupa kilomita tano kwa saa. Ongeza mzigo wa maji, ongeza mapumziko, ongeza mteremko ambao mahali pengine unakutaka ushike mti kwa mkono. Mskoti mwingine, Eric Langmuir, alikuja kuirekebisha kanuni hiyo kwa kuongeza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka kwenye mteremko mkali, na huko kukiri kwamba mteremko mkali nao unakula muda nakuona kuwa na maana zaidi kuliko dakika zenyewe. Kwa Hanang naweka saa sita na nusu za kupanda na saa nne na nusu za kushuka. Atakayetumia chache zaidi atafurahi. Atakayetumia nyingi zaidi atakuwa na akiba.

Sasa turudi nyuma kutoka machweo. Jua linazama saa 12 na nusu jioni. Nataka niwe nje ya msitu, kwenye njia ya mashambani, saa 11 jioni, ili saa moja na nusu inayobaki iwe ya kifundo kilichoteguka, mvua au mwenzangu aliyeishiwa nguvu. Kushuka ni saa nne na nusu, kwa hiyo kileleni niondoke saa 6 na nusu mchana. Nusu saa ya kula na kutazama nchi, basi nifike saa 6 kamili. Kupanda ni saa sita na nusu: nianze saa 11 na nusu alfajiri. Hiyo ndiyo ratiba, na saa yake kubwa kuliko zote ni ile ya 6 na nusu mchana, saa ya kugeuka. Inatumika popote itakaponikuta, niwe nimefika au sijafika. Tazama kinachotokea kwa mtu aliyeanza saa 2 asubuhi kwa sababu chai ilichelewa na dereva wa bodaboda hakutokea. Akipanda kwa mwendo uleule atafika kileleni saa 8 na nusu, ataondoka saa 9, na saa 1 na nusu usiku ndipo atakapotoka msituni. Hakupotea wala hakuumia, kila kitu kilimwendea sawa, na bado amemaliza saa nzima gizani.

Sura ya njia yenyewe inaunga mkono hesabu hii. Mwanzo ni mashamba na njia za ng'ombe, mahali pa wazi ambapo tochi ya kichwani inatosha kabisa alfajiri na ambapo kukosea njia kunakugharimu dakika tano na swali moja kwa mwenyeji. Kisha unaingia msitu, wenye unyevu, mizizi na udongo unaoteleza, na mteremko unaanza kudai. Ukitoka msituni unakuta vichaka na nyasi ndefu, jua linakupiga waziwazi, na hapo ndipo watu wengi hunywa maji waliyokuwa wameyawekea jioni. Mwisho ni mgongo wa mlima, mrefu, wenye nundu moja baada ya nyingine, na kila nundu ukiitazama kutoka chini unaapa kwamba ndiyo kilele. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayowashinda watu, na inawashinda kichwani kuliko miguuni. Umeshapanda saa tano, unakiona kilele kwa macho, unafika, halafu kinasogea mbele. Mtu asiye na saa ya kugeuka, akifika hapo saa 7 mchana, hana chochote cha kumzuia. Kila nundu itamwambia bado kidogo. Na njia ngumu ya msituni, ile yenye mizizi na utelezi, inamsubiri mwisho wa siku, wakati magoti yamechoka na mwanga unapungua. Mlima umepangika hivyo: sehemu rahisi ya giza iko asubuhi, sehemu mbaya ya giza iko jioni.

Wapo watakaosema kwamba Kilimanjaro watu hupanda usiku, tena usiku wa manane, na Ol Doinyo Lengai vilevile. Giza basi lina ubaya gani? Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa mifano yake ni ya kweli. Wapandaji wa njia ya Marangu huondoka Kibo karibu na saa 6 usiku, na wa Lengai huanza muda kama huo ili wakwepe joto kali la mchana. Lakini angalia giza limewekwa wapi. Limewekwa kwenye kupanda, mtu akiwa na nguvu, akitembea polepole, akisogea kuelekea mapambazuko. Jua linapotoka yuko juu, na kushuka kote ni kweupe. Waliopanga ratiba hizo walianza na swali lilelile la namna ya kuhakikisha kwamba kurudi kunafanyika kwenye mwanga. Kwa hiyo mfano wa Kilimanjaro unaniunga mkono mimi. Anayetaka kuanza Hanang saa 10 alfajiri kwa tochi, kwa kuwa anajijua ni mzito wa mwendo, simpingi hata kidogo, mradi mwongozaji wake amekubali.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenyeji. Vijana wa Katesh hupanda wakiwa wamevaa katambuga, na chupa moja ya maji, bila ratiba yoyote ya karatasi, na hurudi salama. Mgeni anajifanya nani na mahesabu yake ya Uskoti? Nami nasema mwenyeji ana mpango, ila hauandiki. Mtu aliyekulia kwenye jamii ya wafugaji amelelewa na saa isiyojadiliwa: mifugo iwe bomani kabla ya giza. Shughuli zote za mchana hukatwa kufuatana na saa hiyo, na hakuna anayeiona kuwa mzigo. Aidha mwenyeji anaujua uso wa mlima, anajua wingu la namna gani ni la kupita na la namna gani litakaa, na miguu yake imezoea hewa ile tangu utotoni. Mgeni hana hata kimoja kati ya hivyo, akiba yake pekee ni muda. Ndiyo maana naona ni kosa kuuacha mpango wote kwa mwongozaji na kusema yeye anajua. Anajua mlima, hakujui wewe. Hajui kwamba jana ulitoka Dar es Salaam, usawa wa bahari, ukalala saa nne tu. Hajui goti lako. Zaidi ya hayo, yeye amelipwa akufikishe, na si rahisi kijana kumwambia mgeni wake, tena mtu mzima anayemwita baba au mama, kwamba safari imeishia hapa. Saa ya kugeuka ikiwa imekubaliwa jana yake, wote wawili wakiwa wameketi, hana haja ya kusema neno gumu. Ataonyesha saa tu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo watu hulisahau: siku moja ya Hanang inahitaji siku tatu. Mlima uko ndani ya hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na huwezi kupanda bila kulipia kibali na kupata mwongozaji. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1 na nusu asubuhi. Mtu anayefika Katesh usiku na kutaka kulipa asubuhi ya kupanda ameshakula saa mbili au tatu za mwanga kabla hajafunga kamba za viatu, na kwa hesabu tuliyoifanya, hizo ndizo saa zote alizokuwa nazo za akiba na zaidi. Basi fika jana yake mchana, siku ya kazi, maliza malipo, kutana na mwongozaji ana kwa ana, nunua maji, karanga, ndizi na mayai ya kuchemsha, mpate dereva wa bodaboda mwenye sifa ya kuamka, ulale mapema. Na usiku wa baada ya kushuka ulale hapohapo Katesh. Anayepanga kudaka basi la jioni amejiwekea machweo mengine, mabaya kuliko yale ya jua, kwa sababu yatamfanya akimbie kwenye mteremko. Najua hii ni gharama, hasa kwa mwanafunzi au mtumishi aliyeomba ruhusa ya siku moja. Lakini mwenye siku moja tu hana siku ya Hanang. Ana matembezi mazuri ya nusu mlima, na nusu ya mlima ule inatosha kumpa mtu mandhari ya Bonde la Ufa ambayo hataisahau.

Kuhusu majira nasema kwa ufupi lakini kwa uzito. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndicho wakati wake. Miezi ya mvua udongo hulowa, msitu huteleza, na mawingu ya mchana hufunika mgongo wa mlima mapema, pamoja na radi, mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huu iliporomoka ikiwa tope, mawe na magogo, ikaangukia Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba tabaka laini la mlima lilinyonya maji mpaka likashindwa kujishikilia. Familia zilizopoteza watu wao bado zinaishi chini ya mlima huohuo. Mgeni anayekwenda kwao kwa furaha ya kupanda ana wajibu wa kuwasikiliza wanaposema leo mlima haufai, na asibishane nao kwa kuwa ameshalipa nauli. Maji nayo yanaingia humuhumu kwenye hesabu ya saa. Juu ya njia usitegemee kupata maji, kwa hiyo kila mmoja abebe lita tatu, na nne ni bora. Lita nne ni kilo nne, nazo zitakupunguzia mwendo. Lakini mtu aliyeishiwa maji saa 5 asubuhi hupungua mwendo zaidi, na kichwa kinachouma kwa kiu juu ya mita 3,000 huwezi kukitofautisha na kile kinachouma kwa kimo. Dawa ya hicho cha pili ni moja, kuteremka, na yule mwenye muda mkononi anaweza kuitumia mara moja.

Linabaki pingamizi la moyo: kwamba saa inaua raha ya safari, na kwamba kugeuka nundu mbili kabla ya kilele ni ukatili kwa mtu aliyeweka akiba miezi kadhaa. Wengine hulivika pingamizi hilo sura ya hesabu. Husema, kama sijafika kileleni basi njia yangu ya kurudi ni fupi zaidi, kwa nini nisiongeze nusu saa? Ni kweli kurudi kungekuwa kufupi, lakini kila nusu saa ya kupanda inazaa dakika 20 za kushuka, kwa hiyo anayeongeza nusu saa amekopa dakika 50, na anazikopa kwenye saa moja na nusu iliyowekwa kwa ajili ya ajali. Tena aliyechelewa kwa saa nzima saa 6 na nusu mchana hakuchelewa kwa bahati mbaya. Mwili wake umeshatoa ushahidi wa mwendo wake, na kushuka kwake nako kutakuwa kwa mwendo huohuo. Ama kuhusu raha, naona mambo ni kinyume. Mtu asiyejua kama atarudi na mwanga hatazami kitu. Anatazama saa na miguu yake. Aliye ndani ya ratiba anaweza kuketi juu nusu saa nzima akaangalia tambarare za Basotu, chumvi nyeupe ya Balangida na kivuli cha wingu kikipita juu ya mashamba, bila wasiwasi wowote.

Kwa hiyo ukipanga kwenda Hanang kiangazi hiki, andika saa yako ya kugeuka kwenye karatasi kabla hujaondoka Katesh. Mpe mwongozaji nakala moja na mwenye nyumba ya wageni nyingine, na huyo wa pili mwachie pia namba ya simu ya kupiga ikifika saa 2 usiku hamjarudi. Kundi liende kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na kama mwongozaji ni mmoja, msigawanyike.